Hodi ya Tatu

Katika mwaka wa tatu wa ukame, wanyama walipohama bondeni, Nungunungu alibaki peke yake na desturi ya wazee wake: kupiga hodi mara tatu kwenye pango la mwenziwe, na asipoitikiwa, kuondoka. Mapango yalikuwa matupu. Hata hivyo alipiga hodi, akasubiri, akaondoka.

Siku ya tisa ya mwezi wa nne kiu ilimfikisha kwenye pango la Pimbi, ambamo maji yalisikika yakidondoka.

"Hodi!"

Fisi mpita njia, aliyesimama nje kwa kuwa haenei katika mlango ule, alicheka hadi akakaa chini. "Hodi kwa nani, mzee? Desturi zimehama na wenyewe. Ingia unywe!"

"Wao wamehama, bwana. Mimi sijahama. Hodi!"

Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome. Alipiga hodi ya tatu, akangoja, kisha akageuka kwenda zake.

"Haya, kafe na adabu zako!" Fisi alisema, akatokomea.

Kabla Nungunungu hajafika hatua kumi, alisikia sauti nyembamba kutoka ndani: "Karibu, baba."

Alikuwa Bi Pimbi, amekonda, akichungulia kutoka kwenye ufa wa mwamba.

"Mbona hukuitikia mapema, mama?"

"Mwaka huu, wote waliokuja walivamia tu. Niliposikia hodi nilidhani ni mtego. Lakini mwenye hila asingeondoka."

Nungunungu alikunywa polepole. Asiyeitikiwa asidhani hasikiki.