Kitambaa cha Chini

Wanawake wa mji ule walipohamishia mwani wao kwenye maji ya kina, kila mmoja alifunga kitambaa kwenye jiwe linaloshikilia kamba zake kabla ya kulizamisha, ajue lake. Mize alichana kanga yake nyekundu ya harusi. Wifi yake Saumu, waliyepakana naye, alifunga kaniki nyeusi.

Siku ya kwenda kukagua, Mize alizama hadi masikio yakamuuma. Alifuata kamba zake hadi kwenye jiwe lake, akalikuta limefungwa kitambaa cheusi.

Aliibuka akitema maji. "Wifi, jiwe langu umelivisha kaniki yako."

Saumu alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi. "Mimi?"

"Nani mwingine? Tangu niolewe na kaka yako hujanipenda. Sasa na mwani unautaka."

Saumu alivuta pumzi akazama, na Mize akamfuata asije akamchezea tena. Kule chini Saumu alikifungua kile kitambaa, wakaanza kupanda nacho. Mize hakukiondolea macho. Kilikuwa cheusi ti. Maji yalipoanza kuingiwa na jua kikawa kahawia, kama damu iliyokauka, na walipotoa vichwa nje, Saumu alikuwa ameshika kipande cha kanga ya harusi, chekundu vilevile.

"Shika," alisema Saumu. "Kakifunge mwenyewe."

Mize alikipokea. Alitazama chini kwenye giza la maji.

"Twende sote, wifi."

Saumu alikuwa bado anahema. Alishika tena ukingo wa mtumbwi, na mkono wake haukuuachia.