Rambirambi ya Somoe

Kisanduku cha serikali kilichobandikwa ukutani jikoni kilimsikiliza Somoe kila alipozungumza na kwao. Sheria ya nchi ile ya baridi alikohamia haikuwa na mwanya: mhamiaji anayepokea posho ya serikali akituma hata senti nyumbani, posho inakatwa siku hiyo hiyo, na dawa ya pumu ya mwanawe inakatwa nayo.

Alhamisi alifariki mjomba Mfaume kule Lindi, yule aliyemlipia nauli ya kuja ughaibuni. Kwao rambirambi huandikwa daftarini na kusomwa mbele ya waombolezaji, jina kwa jina. Kila Somoe aliposhika simu ili atume pesa, alimsikia mwanawe akikohoa chumbani, akaiweka chini.

Jumapili mama yake akapiga.

"Matanga tumeanua, mwanangu. Jina lako limesomwa."

"Limesomwaje, mama, nami sikutuma kitu?"

"Elfu hamsini. Watu wakasema, huyu hajasahau kwao." Kisha mama akaongeza: "Nimeuza ile cherehani uliyoninunulia. Ningewaacha wakuseme?"

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama. Somoe alitaka kusema asante, aibu ikamvaa mwili mzima.

Simu ilipokatika, kisanduku kikawaka taa ya kijani, kikamsemesha kwa Kiswahili laini, kama mtu wa nyumbani:

"Hongera, Somoe. Mwezi mzima hujampa mtu wa kwenu chochote."