Mwaliko wa Sauna

Ilpo alivua kila kitu hadi soksi, akajifunga taulo, kisha akasimama mbele ya mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke, akiogopa kuusukuma. Katika kampuni yao ya programu za simu, pale mjini Tampere, hata mfagizi alijua: Tapani, mkuu wa utumishi, akikualika kwenye mvuke peke yako, ujue kibarua kimeota nyasi.

"Saunani hakuna bosi wala karani," Tapani alipenda kusema. "Mtu aambiwe ukweli akiwa uchi." Uchi! Yaani unafukuzwa na nguo huna.

Ilpo alikuwa msaidizi wake, lakini safari hii hakuambiwa lolote. Alijua tu kwamba mauzo yameanguka, wafanyakazi watapunguzwa, na nyumbani kuna kichanga ndani ya nyumba ya mkopo.

Mchana ule, Veikko, fundi wa programu ambaye ndiye aliyempigania Ilpo mpaka akaajiriwa, alimtania mezani: "Nenda ukachemshwe, bwana. Ukitoka umeiva, bia juu yangu." Kisha utani ukamwishia. "Lakini wakikugusa wewe, nami nafungasha. Haki ya Mungu."

Sasa Ilpo akausukuma mlango, akaingia. Joto likamkaba koo. Tapani, aliyeketi benchi la juu, akayamwagia mawe ya moto maji, yakachachatika.

"Usiku unalala?"

"Mtoto haniachi, Tapani. Lakini nalala."

"Mtu akilia mbele yako, unafanyaje?"

"Namsubiri amalize."

"Vizuri. Una marafiki hapa kazini?"

"Mmoja tu. Veikko."

Tapani akafumba macho. "Mimi nilikuwa nao wengi. Siku hizi nikiingia kantini, kila mtu anakumbuka ana simu ya kupiga."

Ilpo akashindwa kuvumilia. "Niambie tu, jamani! Nimefukuzwa?"

"Wewe?" Tapani akacheka mpaka akakohoa. "Anayeondoka ni mimi, bwana wee. Kazi hii imenila. Bodi imekuteua wewe. Kuanzia sasa hivi wewe ndiye mkuu wa utumishi, na mshahara karibu mara mbili."

Ilpo akalia. Wala hakuona haya; alilia kwa kwikwi, akamshukuru Tapani, akamshukuru Mungu, akaanza kuwaza jinsi mkewe atakavyopiga kelele kwenye simu.

Tapani akateremka, akamkabidhi kata ya maji. "Usitoke kwanza. Kuna mtu nimemwita, na mimi nimeshindwa kumwambia. Huyo ni wako." Akaondoka bila kugeuka.

Ilpo hakupata hata nafasi ya kufuta machozi. Mlango ukafunguka, Veikko akaingia na taulo kiunoni. Alipoyaona macho mekundu ya rafiki yake, uso ukamwanguka.

"Ilpo! Kumbe na wewe pia?" Akapanda benchi, akaketi karibu naye, akamshika bega. "Pole, ndugu yangu. Afadhali basi tuko wawili."