Kutoka Kushoto Kwenda Kulia

Dada mtu alikuwa akimsuka mdogo wake nywele. Mchumba wa dada, mwalimu wa kemia, alikuwa ameketi kando yao akimpima huyo mdogo kwa ajili ya mtihani.

"Kwenye jedwali la elementi, ukitoka kushoto kwenda kulia, nguvu ya atomu kuvuta elektroni inaongezeka au inapungua?"

"Inapungua, shemeji?"

Mwalimu akacheka, akasogeza kigoda karibu. "Inaongezeka, wewe! Florini kule juu kulia anawazidi wote. Hata elektroni anazoshirikiana na mwenzake, anazivutia kwake."

"Makubwa! Na mwenzake anatazama tu?"

Wakacheka wote wawili. Kichwa cha mdogo kikateleza taratibu kutoka mikononi mwa dada, kikamwelekea mwalimu.

Vidole vya dada vikaganda katikati ya msuko. Wiki nzima mdogo wake alikuwa akifagia huku anaimba, "Kulia inaongezeka, chini inapungua," mpaka yeye mwenyewe, aliyeishia darasa la saba, akaushika wimbo.

Akaukamata msuko, akakirudisha kichwa mahali pake.

"Aa, dada, unaniumiza!"

"Tulia." Kisha akamgeukia mchumba wake. "Mwulize tena."