Kiganja Ndani ya Kamera

Mpiga picha alikuwa ameshaamua kuchukua ile kamera ndogo aliyokuwa ameishika. Inaingia mfukoni, na shingo yake ilikuwa imechoka kuning'iniza mizigo harusi baada ya harusi.

"Usiidharau hii kubwa," muuza duka akamwambia, akimsogezea kamera kongwe ya lenzi ya kubadilisha. "Ya kale ni dhahabu, dada. Jana tu imejaribiwa. Tazama picha mwenyewe."

Mpiga picha akaiwasha, asije akamvunja moyo muuza duka.

Kwenye kioo kikatokea kiganja cha mkono wa kushoto, kimekunjuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje.

Kidole kile alikibana yeye mwenyewe kwa mlango, utotoni. Na aliyekuwa akipima mwanga kwa kukipiga picha kiganja chake kabla ya kazi yoyote ni mtu mmoja tu: mwenye kidole hicho, kaka yake, aliyezama ziwani, mwili usionekane, hata nyumbani wakaanua matanga bila kaburi.

"Jana?" akauliza.

"Jana. Fundi wangu haachi kamera iuzwe bila kuijaribu." Muuza duka akageukia pazia la chumba cha nyuma. "Fundi, hebu njoo. Mteja ana swali."

Kamera ndogo ikamponyoka, ikapasuka sakafuni. Hakuitazama. Alikuwa akilitazama pazia, pale vidole vilipolishika ili kulifungua, na kile cha mwisho hakikulala sawa na wenzake.