Karanga za Moto

Kwenye pazia la sinema magari yalilipuka, steringi akaruka kutoka ghorofani, watu wakapiga miluzi. Shamsa hakupepesa jicho. Mchana ule alikuwa ametoka kupewa talaka, akakata tiketi bila kuuliza ni filamu gani, na barua yenyewe bado alikuwa ameishika mkononi.

Bibi wa kiti cha jirani alimgusa bega. "Usiogope, mwanangu, steringi hafi. Kinga karanga, zingali moto."

Shamsa aliikunjua barua kiganjani, akazipokea, akawa anatafuna moja moja huku watu wakiuana.

Taa zilipowaka, steringi alikuwa mzima. "Nikuongeze?" bibi aliuliza.

Shamsa akapuliza maganda yaliyolifunika jina la mumewe, akakinga tena.