Nyumba ya Mutie

Mbuzi wa tatu aligoma kuingia langoni. Mwau alimsukuma kwa goti, jasho likimtiririka ndani ya koti zito la sherehe. Jikoni, Trizah alishusha pazia.

"Weh, Ngina! Huyo ni mzee. Hata meno yamepungua."

"Siolewi na meno." Ngina aliendelea kukoroga uji. Walikuwa wametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo huko Ruiru na kuja moja kwa moja hapa kwao Ngina, mashariki ya Thika.

"Lakini fikiria, dada yangu."

"Nimefikiria. Baba mtoto alipohama, mwenye nyumba alitufungia mlango pale Kamakis. Shamba la hapa ndugu zangu wamegawana, mimi sikuitwa. Nimechoka, Trizah. Nataka mahali ambapo mtoto wangu hatafukuzwa."

Trizah alichungulia sebuleni. Alikuwa mgeni hapa. Kwao ni Bungoma, na mila za Wakamba hakuzijua.

Sebuleni, Nzilani alikuwa akizungumza na wazee kwa sauti ya chini. Alikuwa mjane, mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Mutie, alipozikwa, shemeji zake walianza kulipima shamba kwa hatua. Walimpa hadi mavuno aondoke. Nyumba isiyo na mtoto, walimwambia, haina mwenyewe.

"Ngina akija kwangu," alisema, "watoto wake wataitwa wa Mutie. Hapo hakuna atakayetutoa."

Trizah alimtazama tena Mwau, mpwa wa yule mjane, aliyekaa mlangoni akijipepea kwa kofia. Akamwonea rafiki yake huruma: msichana mzima kutolewa kwa mzee huyu ili shangazi asipoteze shamba!

Mjomba wa Ngina alisimama. "Mbuzi tumewapokea. Sasa binti yetu ampe mumewe uji, nasi tushuhudie."

Ngina aliingia na kibuyu, amekishika kwa mikono miwili. Mwau akakunja miguu kumpisha.

Ngina akampita. Akapiga goti mbele ya Nzilani.

"Pokea, mume wangu."

Nzilani, aliyemwoa kwa jina la Mutie kama mila inavyomruhusu mjane asiye na mtoto, akanywa taratibu, kisha akamrudishia mkewe kibuyu.